Fundi wa Voi na gari asilokuwa nalo

Na Mwandishi Wetu, Birmingham

Saa nne na dakika arobaini za usiku, kwenye njia panda ya vijijini si mbali na mji wa Ludlow, karibu na mpaka wa Wales, mvua ilikuwa ikinyesha, ile ya Kiingereza isiyo na haraka na isiyo na mwisho. Tulikuwa watatu: sisi, mwenyeji wetu, na mbwa wa mkulima aliyekuja kutuangalia, akatuona hatuna maana, akarudi kwao. Mwenyeji wetu alivaa koti la manjano la kung'aa, shingoni amening'iniza saa, mkononi ana ubao wa kuandikia aliouvika mfuko wa nailoni. Ghafla akainua kidole tunyamaze.

"Peugeot 205," alisema. "Inashuka gia. Dereva amechelewa kukata kona."

Sisi hatukusikia kitu zaidi ya mvua. Zilipita kama sekunde ishirini, ndipo taa zikatokea juu ya kilima, na kweli ikaja Peugeot 205 nyekundu, imejaa matope mpaka kwenye vioo. Ikasimama kando ya kibao chetu. Dirisha likashushwa, ukatoka mkono wenye karatasi. Mwenyeji wetu akatazama saa, akaandika, akatia sahihi, akairudisha. Gari likaondoka. Jambo lote halikuchukua hata nusu dakika. Yeye akabaki amesimama akilifuata kwa masikio mpaka mlio ukapotea kabisa bondeni.

Ndugu wasomaji, huyu ndiye tuliyemfuata kutoka Birmingham Ijumaa hiyo ya mwezi Novemba 2025. Ametuomba tusimtaje jina, si kwa kuogopa serikali wala Idara ya Uhamiaji, bali kwa sababu shemeji zake wanasoma mtandao huu. Basi tutamwita Fundi, kwani ndiyo kazi yake: hutengeneza mabasi ya abiria kwenye karakana moja ya Birmingham. Ni mzaliwa wa Voi, Kenya, ana miaka 57, na yuko Uingereza tangu mwaka 1994. Kwa miaka minane alikuwa na gari la spoti akishindana nalo usiku kwenye njia hizi. Kwa miaka kumi na sita sasa hana, na hakuna wiki inayopita bila kulitafuta lingine.

Kwanza tueleze mchezo wenyewe, maana msomaji wa nyumbani akisikia neno rali, mawazo yake yanakwenda moja kwa moja kwenye Safari: vumbi, helikopta, twiga pembeni na watu elfu kadhaa juu ya miti. Rali ya klabu ya hapa ni kitu kingine. Inafanyika usiku, katika barabara za kawaida ambazo hazikufungwa, na sheria inakataza waandaaji kuweka mwendo wa wastani unaozidi maili 30 kwa saa, yaani kama kilomita 48. Hayo yalitushangaza. Maili 30 kwa saa ndio mwendo wa mama anayepeleka watoto shuleni! Fundi alicheka tulipomwambia. Alituambia tuendeshe kwa wastani huo kwenye kichochoro chenye upana wa gari moja, kona kila mita hamsini, ua wa miti pande zote mbili, samadi ya ng'ombe chini, giza totoro, na huku hujui unakokwenda.

Hapo ndipo penye utamu wake. Hujui unakokwenda. Njia haitangazwi. Dereva na msoma ramani wake wanapewa karatasi ya mafumbo, mara nyingine dakika chache tu kabla ya kuondoka, na msoma ramani anafumbua mafumbo hayo gari likiwa linakwenda. Ramani ni ile ya serikali, ya kipimo cha 1:50,000, ambayo sentimita mbili zake ni kilomita moja ya ardhi. Nchi nzima ya Uingereza, Wales na Scotland imegawanywa katika karatasi 204 za namna hiyo. Yetu ya usiku ule ilikuwa namba 137. Fundi ana tatu za namba hiyo nyumbani, zote zimechakaa kwenye mikunjo.

Mafumbo yako ya aina nyingi. Kuna orodha ya namba za urefu wa vilima, nawe utafute njia inayozipitia zote kwa mpangilio. Kuna michoro midogo ya njia panda, kila mmoja ukionyesha unakotoka na unakokwenda. Lile lililotupendeza zaidi ni fumbo la mfupa wa samaki: mstari mmoja ulionyooka wenye vijiti pande mbili. Mstari ndio njia yako, imenyooshwa kama ulivyoweza kunyoosha uzi, na kila kijiti ni barabara unayoiacha kulia au kushoto. Ukihesabu vibaya kijiti kimoja, umekwisha. Utajikuta kwenye uwanja wa mkulima saa tano za usiku, bata wanakupigia kelele.

Njiani vimefichwa vibao vyenye herufi ambazo lazima uziandike, ili ijulikane kwamba kweli ulipita huko. Na kuna vituo vya saa kama hicho chetu. Ukichelewa dakika unahesabiwa. Ukiwahi pia unaadhibiwa, ili mtu asidhani anaweza kufidia ujinga kwa kukanyaga mafuta. Tulichoshuhudia kilikuwa ni cha ngazi ya chini kabisa, kisichozidi magari kumi na mawili. Idadi hiyo haikutoka hewani. Kanuni za Uingereza za mwaka 1969 zinaruhusu mashindano ya magari yasiyozidi kumi na mawili bila ule mlolongo mrefu wa vibali. Klabu ndogo ndogo zinaishi kwa mwanya huo. Ada ya kuingia ni makumi machache ya pauni, na mshindi hapati kitu cha maana isipokuwa jina lake kusomwa baadaye kwenye baa.

Sasa mtu wa Voi aliingiaje humu?

Baba yake Fundi alikuwa mfanyakazi wa reli. Wakati wa Pasaka, magari ya Safari Rally yalipopita upande wa Taita kuelekea pwani, mzee alikuwa akimpakia mwanawe kwenye baiskeli, wanakwenda kukaa kando ya barabara na chai kwenye chupa. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa wazee wetu wengi yalikuwa ni sikukuu kuliko siasa. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho. Fundi hakuwa amezaliwa ile ya kwanza, lakini anayasimulia kama aliyekuwepo, kwa sababu baba yake aliyasimulia hivyo.

Mzee alikuwa shabiki wa Joginder Singh, kalasinga aliyeitwa Simba wa Kenya, aliyeshinda mwaka 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mwana alikuwa wa Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano, nne zikiwa mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Wasomaji wetu wa Tanzania watatulaumu tusipomtaja Bert Shankland, aliyekuwa akiishi huko, akashinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Tumemtaja.

"Gari likikaribia," anasema Fundi, "unaona kwanza vumbi. Halafu unasikia. Baba alikuwa anafumba macho. Ananiambia na mimi nifumbe, nimwambie ni gari gani. Nikikosea hapati hasira, anasema tu, sikiliza lingine."

Alipofika Birmingham hakuwa na fikra ya magari ya mashindano. Alikuwa na deni la nauli na chumba cha kupanga, na alifanya kazi zile ambazo wengi wetu tumezifanya na hatuzisimulii nyumbani. Ni baada ya kupata kazi ya ufundi ndipo mwenzake wa karakana, Mwingereza, alimwalika mwaka 2000 kwenye mkutano wa klabu yao, unaofanyika juu ya baa moja ya kijijini. Aliingia, watu wakageuka, na mzee mmoja akamwuliza kwa upole kama amepotea njia. Fundi akamjibu kwamba bado, ndio kwanza amekuja kujifunza kupotea. Chumba kizima kilicheka, na kwa maelezo yake hilo ndilo swali la mwisho la namna ile aliloulizwa pale. Hatudai kwamba kila mmoja wetu hupokewa hivyo katika vilabu vya vijijini. Tunaandika alichotuambia.

Mwaka uliofuata alinunua Mazda MX-5 nyekundu ya mwaka 1991. Kwa wasioijua: ni gari dogo la viti viwili, paa lake ni la turubali la kukunja, injini iko mbele na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Zile za kwanza, zilizotengenezwa kuanzia 1989 hadi 1997, taa zake kubwa hulala ndani ya boneti na kuchomoza zinapowashwa, kama macho ya chura. Si gari la nguvu. Uzito wake ni karibu tani moja tu, na wanaolipenda wanasema unalivaa kama shati, huliendeshi. Jirani zake Waafrika walimwuliza atampakia nani humo na mzigo atauweka wapi. Hakuwa na jibu la kuwaridhisha, na mpaka leo hana.

Msoma ramani alimpata palepale klabuni, mama wa Kiingereza aliyekuwa akipeleka barua vijijini. Fundi humwita Mama Posta, na yeye ameshazoea kuitikia. Fikiria mwenyewe, msomaji: mwanamke aliyepita kila kichochoro cha wilaya ile kwa miaka ishirini akiwa na gari la posta, anajua ni wapi maji hukatisha barabara na ni lango gani huachwa wazi. Hata hivyo usiku wao wa kwanza walichelewa dakika arobaini na nane. Yeye alisoma sawasawa. Fundi ndiye aliyekuwa hasikii, kwa sababu kila alipoambiwa kushoto, moyo wake ulikuwa Taita ukimfuata Shekhar Mehta.

"Alinifunga breki ya mkono," Fundi anakumbuka. "Tukasimama katikati ya njia. Akaniambia, chagua: unataka kuendesha haraka au unataka kufika?"

Kuanzia hapo walikwenda vizuri. Hawakuwahi kushinda rali yoyote, tuseme ukweli. Mara moja walishika nafasi ya tatu, katika magari kumi na moja. Kikombe kidogo cha usiku ule kiko juu ya friji nyumbani kwake, ndani yake kuna funguo na vibanio vya nguo.

Tulimwuliza kuhusu kuliuza gari, akakaa kimya kidogo. Ilikuwa mwaka 2009. Baba yake alilazwa Mombasa, ukahitajika upasuaji, na pesa zilitakiwa kabla mtu hajagusa kisu. Fundi alikuwa na watoto wawili wadogo, rehani ya nyumba, na akiba ya kuchekesha. MX-5 ilikwenda Jumanne kwa pauni 1,400, kwa kijana aliyekuja na baba yake kulichukua. Jumatano pesa zilikuwa kwa wakala wa kutuma fedha. Upasuaji ulifanyika. Mzee akaishi miaka miwili zaidi.

Mzee hakuambiwa. Kila simu, baada ya salamu na hali za wajukuu, aliuliza: "Na gari letu jekundu?" Fundi akajibu: "Lipo, baba." Mzee akataka kujua ramani iliyopita walikwenda wapi, na Fundi akamsimulia rali za zamani kama za juzi. Zilipomwishia zile alizoshindana, alianza kwenda kusimamia vituo vya saa, ili apate habari mpya za kumpelekea. Hivyo ndivyo alivyoanza kazi hii ya kusimama mvuani. Mzee alifariki mwaka 2011. Fundi akaendelea kusimama.

Hatutaki kumfanya malaika. Kuna ndugu zetu wengi majuu wameuza zaidi ya gari kwa ajili ya wazazi, na wengine hawakuwa na hata cha kuuza. Tofauti yake ni kwamba anakiri waziwazi kuwa lilimuuma, linamuuma bado, na haoni kama kuumia huko ni dhambi.

Basi tuje kwenye gari lenyewe analolitaka. Ukimwuliza ndoto, jibu ni Datsun 240Z, lile lililoshinda Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na 1973 na Shekhar Mehta. Injini ya lita 2.4, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, boneti ndefu kama mtumbwi. Lakini hiyo ni ndoto ya kuota na macho yamefumbwa. Bei yake leo ni ya matajiri wanaoyaweka magari ndani ya mablanketi. Ford Escort ya miaka ya sabini, ambayo hapa ni kama dini kwa sababu ilishinda rali kuu ya Uingereza miaka minane mfululizo, 1972 mpaka 1979, nayo imeruka. Zamani fundi wa kawaida alikuwa akiiokota uani kwa mtu. Iliyotayarishwa vizuri kwa rali siku hizi huuzwa kwa makumi ya maelfu ya pauni.

Inabaki MX-5. Hata zile za taa za chura zimepanda. Safi huulizwa mara kadhaa ya pauni 1,400 alizozipata yeye. Zile za pili, za kuanzia 1998 hadi 2005, bado zinafikika, lakini zina ugonjwa mmoja: kutu. Huanzia chini ya mlango, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma, mahali maji yanapokusanyika yakikosa pa kutokea. Nyingine huozea mbele, kwenye vyuma vinavyobeba injini, ambako jicho la mnunuzi halifiki.

Tunalijua hilo kwa sababu alituonyesha. Mchana ule, kabla ya rali, tulipitia kwa mtu mmoja anayeuza ya mwaka 1999, rangi ya buluu, pauni 1,900. Kwa mbali ilipendeza kama bibi harusi. Fundi hakuwasha injini kwanza, wala hakufungua boneti. Alitoa mfukoni sumaku ya friji, ile wanayouziwa watalii, yenye picha ya pembe za ndovu za Mombasa, akaifunga kitambaa isikwaruze rangi, akapiga magoti kwenye matope. Chuma hushika sumaku, alitueleza; bati lililooza na kuzibwa kwa ute wa plastiki na rangi juu halishiki. Upande wa kulia sumaku ilikaa. Kushoto ikaanguka. Akairudisha mara tatu, nayo ikaanguka mara tatu. Akalala chali chini ya gari na tochi, akatoka baada ya dakika kumi akiwa na majani kwenye nywele na sura ambayo hatukuweza kuisoma.

Muuzaji akasema bei inazungumzika. Fundi akasema atafikiri.

"Pauni mia saba za kuchomelea, nikifanya mwenyewe," alituambia garini. "Nikipeleka nje, hesabu inalala." Halafu kilomita kumi hakusema kitu.

Kuna hesabu nyingine, na haki inatutaka tuiseme. Voi kuna nyumba. Kuta zimesimama, madirisha ni matundu tu, na paa hakuna. Nyumba hiyo imejengwa kwa zamu za usiku, matofali kwa matofali, tangu mwaka 2014, na mbuzi wa jirani wanaitumia kuliko mtu mwingine yeyote. Mkewe Fundi, mwenyeji wa Malindi na muuguzi hapa Birmingham, ndiye anayeweka daftari la fedha za nyumba. Tulipokaa naye jikoni kabla ya kuondoka alizungumza bila kificho.

"Mimi sikatai gari," alisema. "Nakataa mvua kuninyeshea nikistaafu. Yeye ana miaka hamsini na saba, mimi hamsini na nne. Mabati kwanza. Au nyinyi waandishi mnaonaje?"

Sisi waandishi tulikunywa chai yetu. Tukiambiwa tuamue, tungeamua mabati, na tungeona vibaya. Kila mmoja wetu hapa majuu ana nyumba ya namna hiyo kichwani, na tumewazika wenzetu kadhaa ambao nyumba zao ziliezekwa mwaka waliokufa, wakaingia humo kwa jeneza. Mtu akituambia kwamba kati ya sasa na siku hiyo anataka kukaa usiku kumi au kumi na tano kwenye kiti cha chini, na sauti ikimwambia kushoto baada ya kanisa, hatuoni tutamjibu nini. Lakini mabati nayo hayajinunui.

Na kuna jambo linalomfanya asiweze kusema tu kwamba atanunua akimaliza paa. Mama Posta ana miaka 74. Usiku ule alikuwa akishindana, akimsomea ramani kijana mmoja mwanafunzi kwenye Nissan Micra. Walifika kituoni kwetu namba saba. Ule mkono uliotoa karatasi ulikuwa wake, wenye kioo cha kukuzia ramani kikining'inia kwa kamba kwenye kifundo.

"Hasikii," alimwambia Fundi, akimwonyesha kijana kwa kidole gumba.

"Atasikia," Fundi akamjibu, akiandika muda.

"Nina misimu miwili," alisema yule mama. "Daktari wa macho kasema labda mitatu. Umelinunua?"

"Bado."

"Basi harakisha," akasema, na kijana akaondoa gari kabla dirisha halijapanda.

Tulimwuliza Fundi kama hawezi kupata msoma ramani mwingine. Alituangalia kama tuliomwuliza kama hawezi kupata baba mwingine, kisha akaona haya, akasema klabu ina vijana wazuri wengi. Alieleza kwa kirefu jinsi wanavyofundishwa siku hizi, wakianzia mezani na penseli. Na huu ni mchezo wa watu wa makamo kweli. Ukumbini tuliona mvi nyingi kuliko nywele nyeusi. Lakini hakutazama upande wetu alipokuwa akisema hayo.

Magari yaliyoanza yalikuwa kumi na moja. Tisa yalipita kwetu. Moja liliingia mtaroni bila mtu kuumia, na jingine, tulielezwa baadaye, lilisoma mfupa wa samaki kinyumenyume, likaishia mji wa pili. Kwenye saa tano na nusu gari la kufunga njia lilifika, tukang'oa kibao, tukamimina chai ya mwisho. Fundi alisimulia kwamba mwezi Machi mwaka ule Safari Rally, iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 ikiwa na makao Naivasha, ilishindwa na Elfyn Evans, kijana wa Dolgellau, hapo Wales, mwendo wa saa mbili hivi kutoka tuliposimama. Lilimfurahisha mno. Alilitazama lote kwenye televisheni, akapiga magoti kona ya mwisho. "Yeye katoka hapa kaenda kushinda kwetu," alisema. "Mimi nimetoka kwetu nimekuja kushika saa hapa." Na akacheka mpaka chai ikamwagika.

Kwenye baa matokeo yalisomwa. Micra ya Mama Posta ilikuwa ya nne. Kijana wake alikuwa amenuna. Yeye alikuwa na sahani ya viazi, akimchorea kwenye kitambaa cha karatasi pale alipokosea. Fundi alikaa nao karibu saa nzima. Kwa wakati huo hakuna aliyezungumza habari ya gari la buluu.

Tulifika Birmingham saa saba na nusu. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Mkewe Fundi, ametoka zamu, alikuwa amesimama mbele ya friji na kikombe mkononi. Alitusalimu, akatuuliza kama tumelowa, akatukaribisha chai. Kisha akamnyoshea mumewe kiganja.

"Sumaku yangu."

Fundi akaitoa mfukoni, bado imo ndani ya kitambaa. Mama akaifungua, akaifuta matope kwa kidole, akairudisha juu ya karatasi ya bei za mabati iliyokuwa imeanguka sakafuni.

"Ilishika?" akauliza, bado ametupa mgongo.

"Upande mmoja," Fundi akasema.

Mama akanyamaza akipima chai.

"Na huo mwingine," akasema, "ni shilingi ngapi?"